Baiskeli Isiyo na Mtungi

Ukipita Ganze, upande wa bara wa pwani ya Kenya, juu ya baiskeli, watu hawakuulizi kwanza umetoka wapi. Wanakuuliza umebeba nini. Baiskeli huku ni ya kubeba: maji, makaa, gunia la mahindi, kuku waliofungwa miguu wakipelekwa sokoni Bamba, mgonjwa aliyekalishwa kwenye keria huku mpwawe akisukuma. Mtu mzima aliye juu ya baiskeli yenye begi moja la nguo, peke yake, haendi msibani wala kazini, huyo ni kitendawili.

Mimi ndiye kitendawili chenyewe. Nikipata nafasi huipa bahari mgongo pale Kilifi mjini, nikapanda bara hadi Ganze, nikakata kuelekea Vitengeni na Dida, nikaufuata msitu wa Arabuko-Sokoke kwa upande wake wa bara mpaka Jilore penye ziwa, kisha nikateremka Malindi. Ni safari ndefu kwa mtu wa umri wangu, na sehemu kubwa ni mchanga na changarawe. Mzee mmoja wa Vitengeni, niliyemwambia kuwa naenda ziwani kutazama tu, alinikagua toka kofia hadi viatu akasema, "Mwanangu, mtembezi hula miguu yake." Kisha akaniita kivulini nikae.

Methali ile na kivuli kile vinapingana, na nimekuwa nikivifikiria kila nikanyagapo pedali. Methali inamkemea mzururaji. Kivuli kinampokea. Mzee alinihukumu kuwa sina kazi, na bado akaona ni wajibu wake nisiungue na jua mbele ya boma lake.

Safari za namna hii zina sifa kubwa duniani sasa. Rwanda imetengeneza njia ya kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na waendesha baiskeli hutoka nchi za mbali kuja kuipanda na kuishuka milima ile huku ziwa likiwa ubavuni. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Zamani kabla ya hayo, Mpolandi Kazimierz Nowak aliikata Afrika kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi, kati ya 1931 na 1936, sehemu kubwa kwa baiskeli, akituma makala na picha kwa magazeti ya kwao ili mkewe na watoto wapate riziki. Alirejea akiwa na malaria mwilini, akafariki 1937.

Wasimulizi wa safari hizi hujivunia upweke: mimi, baiskeli yangu na ziwa. Siwalaumu, kwa kuwa asubuhi za namna hiyo zipo na ni tamu. Lakini Nowak hakula upweke. Njiani kote kulikuwa na mtu wa kumwonyesha kivuko, mtu wa kumpa pa kulala, mtu wa kumwambia kisima kiko wapi. Majina yao hayakuandikwa kwenye ramani yake, na bila wao ramani isingekuwapo.

Msimamo wangu ni huu: msafiri wa baiskeli ndiye tegemezi kuliko wasafiri wote, na hapo ndipo penye faida ya safari yake. Mwenye gari ana tangi la mafuta, ana chupa za maji nyuma ya kiti, ana kioo cha kufunga akiona mtu asiyemjua. Anaweza kutoka Kilifi hadi Bamba bila kudaiwa neno na mtu yeyote. Wa baiskeli hana kioo. Mwendo wake ni wa kusikika na kusikia, uso wake uko wazi, na kimo chake ni kimo cha mtu aliyesimama mlangoni kwake. Gari humwachia mwenyeji vumbi. Baiskeli humdai mpandaji wake salamu.

Na salamu za Ganze si za kutupiana. Ukimkuta mzee amekaa chini ya mbuyu, unashuka. Unaulizwa habari za utokako, nawe unauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Mvua ndiyo huchukua muda. Mtoto akiwa na jerikeni kichwani atakuamkia, na ukimjibu bila kupunguza mwendo utasikia kicheko cha dharau nyuma yako. Ukihesabu kwa saa ya mkononi, umepoteza muda. Lakini zile salamu ndizo zinazokutangulia. Nimewahi kufika kijiji nisichokijua nikakuta wanajua tayari kwamba kuna mtu wa makamo anakuja na baiskeli, hana mzigo, na hana ubaya.

Kutoka Kilifi nchi hubadilika taratibu. Minazi na mikorosho huanza kupungua, mibuyu hushika zamu, hewa ya chumvi huisha, na joto huanza kutoka chini kama vile linavyotoka juu. Ukifika upande wa Dida unaukuta msitu, kilomita za mraba zaidi ya 400, msitu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Ndani kuna ndovu, kuna bundi mdogo wa Sokoke, kuna panya-tembo mwenye kiuno cha dhahabu anayekimbia majanini kabla hujaamini umemwona. Nje, upande wa pili wa uzio wa umeme, kuna mashamba ya mahindi yanayoomba mvua. Watalii huingia msitu huu kwa mlango wa Gede, karibu na bahari. Mgongo wake, ambao ndio unaopakana na Ganze, huonwa na wenyeji na wachache wenye kichaa kama changu.

Huku ndiko baiskeli hukuonyesha hesabu ya maji. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20. Kijana wa Ganze hupakia minne, pengine sita: ubavu huu, ubavu ule, na mingine juu ya keria, imekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mfuniko uliopotea huzibwa kwa gunzi la hindi lililoviringishwa kitambaa. Baiskeli yenyewe ni ile nyeusi ya chuma, nzito hata ikiwa tupu, haina gia, na mara nyingi pedali moja imebaki msumari. Penye tambarare hupanda. Penye mwinuko hushuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, akasukuma mwili ukiwa umelala mbele. Akitaka kupumzika huiegemeza kwa kijiti chenye panda, kwa sababu ikianguka hawezi kuiinua peke yake. Na huyo ana bahati, maana ana baiskeli. Wengi, hasa akina mama na wasichana, hubeba mtungi kichwani, mmoja kwa safari.

Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu kati ya 2020 na 2022, malambo yaligeuka udongo uliopasuka, ng'ombe wakafia njiani, na safari ya maji ikazidi kurefuka. Mwenye kupita kwa gari angeona nchi kavu tu. Mwenye kupita kwa baiskeli alikuwa kwenye msafara huohuo wa mitungi, akipishana na watu wanaokwenda na mitungi mitupu na wanaorudi nayo imejaa. Ajabu ni kwamba waliorudi ndio waliokuwa wakikaribisha maji.

Nitasimulia moja. Si mbali na Vitengeni, mwiba wa mgunga ulinitoboa tairi la nyuma. Nilisukuma mpaka penye fundi, kijana aliyeweka kisanduku chake cha spana chini ya mwarobaini. Mjini, fundi hutafuta pancha kwa beseni: huijaza tyubu upepo, akaizamisha, mapovu yakamwonyesha tundu. Huyu hakuwa na beseni. Aliipiga tyubu pampu, akaisogeza karibu na mdomo wake wa chini, akaanza kuizungusha polepole, macho yamefumba, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Alipofika mahali akasimama. Akafumbua macho, akatia mate kwa ncha ya kidole, na pale pale kidimbwi kidogo kikatoa povu. Akapiga msasa, akapaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka, akakigonga kwa jiwe bapa.

Nikamuuliza mbona hatumii maji. Akaonyesha kwa kidevu mtungi uliokuwa nyuma yake, umefunikwa kwa gunia ili usipate jua. "Yale ni ya kunywa, baba." Akapokea pesa zake, akanawa mikono kwa mchanga, akachukua kikombe cha plastiki, akauinamisha mtungi kwa uangalifu wa mtu anayemimina dawa, akanipa. Kimejaa.

Maji aliyoinyima kazi yake aliyatoa kwa mtu asiyemjua, ambaye anakwenda ziwani kutazama tu. Pesa nilizomlipa zilikuwa za kiraka. Kikombe kile hakikuwa na bei, na kama kingekuwa nayo nisingeweza kuilipa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na safari ya mtu kwenda lamboni na kurudi.

Deni la namna hii halilipwi kwa kumsukumia mtu noti. Hapo umemgeuza mkarimu kuwa mchuuzi. Wala halilipwi kwa kusema asante na kuondoka. Wahenga walishatupa kipimo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa pwani haukukusudiwa kumlea mgeni mvivu. Ulikusudiwa kumwingiza mgeni katika kazi ya nyumba. Kwa msafiri wa baiskeli jembe lake ni keria. Ndiyo maana siku hizi natembea na mipira ya tyubu kwenye begi. Nikimpita mama mwenye mtungi anayekwenda njia yangu, nasimama, naomba kuubeba hadi penye njia panda yake. Wengine hukataa, na wana haki, maana maji ni mali na mimi ni mgeni. Wengi hukubali, wakatembea kando, tukazungumza. Mwendo wangu hushuka ukawa wa miguu. Hakuna aliyeniuliza tena, siku kama hizo, naenda kufanya nini.

Lakini nisiipake Ganze rangi ya maziwa. Katika eneo hili hili, Kaya Godhoma, kuna mahali wanapohifadhiwa wazee waliokimbia kwao wakituhumiwa uchawi. Wengine walikimbizwa na watoto wao wa kuwazaa, kosa lao kubwa likiwa mvi na kipande cha shamba. Kilifi nzima inaijua aibu hii. Hivyo kijana anayempa mgeni maji anaweza kuwa jirani wa kijana anayemnolea babake panga. Niliposikia habari za wazee hao nilimkumbuka yule wa Vitengeni aliyeniita kivulini, nikajiuliza ni nani anayemchungia yeye kivuli chake.

Sina jibu jepesi. Naona tu kwamba ukarimu kwa mgeni ni mtihani mfupi: anakuja, anakunywa, anaondoka, na sifa inabaki. Ukarimu kwa wa nyumbani ni mtihani wa miaka, hauna shahidi, na mara nyingi una urithi katikati. Jamii inayoweza ule wa kwanza ina mbegu za kuuweza wa pili. Ni mbegu, bado si mavuno. Sisi tunaopita na kusifu tusitosheke na kikombe tulichopewa. Tuulize pia mzee wa nyumba ile anaishije.

Kuna msafiri mmoja wa Ganze ambaye kila nipitapo huku namkumbuka. Mekatilili wa Menza alizaliwa pande hizi katika karne ya 19. Mwaka 1913, serikali ya kikoloni ilipotaka kodi na vijana wa kufanya kazi ya mashamba, alizunguka vijiji kwa miguu akiwahamasisha Wagiriama, wanawake wakila kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Oktoba mwaka huo akakamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Gusii, magharibi kabisa, upande wa Ziwa Victoria. Mapema 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu hadi pwani. Agosti mwaka huohuo akakamatwa tena, na Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti.

Tazama safari ile: kutoka nyanda za kando ya ziwa hadi nchi ya Wagiriama, mamia ya kilomita, kupitia nchi za watu wenye lugha nyingine, mama anayesakwa na dola. Hata yeye hakuwa peke yake. Alikuwa na Wanje. Na wawili wale hawakuweza kuimaliza njia ile bila mikono ya watu. Lazima mahali fulani kulikuwa na kibuyu cha maji, na mtu aliyewaona akakaa kimya. Historia imewahifadhi waliotoroka, na ni haki. Waliowanywesha hawana sanamu. Wameacha mila tu, na ile mila ndiyo inayokutana nami penye mwarobaini wa fundi.

Ziwa lenyewe, ukifika, si Kivu. Jilore ni ziwa la kupewa: mto Sabaki ukifurika humwaga sehemu ya maji yake humo, na ukame ukizidi ziwa hupungua hata mwambao ukawa malisho. Maji yake ni ya rangi ya udongo. Kuna viboko, kuna mamba, kuna vijana wanaotega kambare, kuna ndege weupe juu ya miti iliyokufa. Nakaa pale, natafuna mahamri yaliyobaki, namtazama mvuvi akikung'uta wavu. Ndiyo raha niliyoifuata, nami siionei haya. Mtu ana haki ya kwenda mahali kwa sababu tu pana uzuri.

Ila hata uzuri ule una hesabu. Sabaki huanzia karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukakutana na Tsavo ukaitwa Galana, ukafika kwetu ukiwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi na kuitia bahari wekundu. Kandokando yake, pale Baricho, kuna visima vinavyosukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Hoteli za ufuoni hunywa humo. Mabwawa ya kuogelea hujazwa humo. Na bado vijiji vingi vya Ganze, vilivyo karibu na mto ule kuliko Mombasa ilivyo, vinategemea malambo ya mvua na baiskeli nyeusi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haikusema kila mtu wa mjini.

Wapo wanaoniambia tufanye kama Rwanda: tuchore njia ya baiskeli kutoka Hori ya Kilifi hadi Ziwa Jilore, tuwalete wageni, vijana wapate kazi ya kuongoza na akina mama wapate wa kuwauzia mbaazi na maandazi. Wazo ni zuri, nami nitakuwa wa kwanza kuipita. Lakini njia hiyo ipo tayari. Imechorwa na magurudumu ya wabeba maji, kutoka boma hadi lambo, miaka na miaka. Kabla ya kuwawekea wageni vibao, tuwawekee wenyeji vioski vya maji njiani. Mgeni atakunywa hapo hapo, tena kwa pesa yake, na fundi wa chini ya mwarobaini atapata beseni.

Kwa wakuu wa kaunti na wahandisi wa barabara, ombi langu ni la kawaida. Lami inaposogea bara, acheni pembeni nafasi ya kutosha baiskeli yenye mitungi sita, iliyo sawa na isiyo na mashimo, pande zote mbili. Msiihesabu barabara kwa magari pekee. Wekeni mtu njiani alfajiri ahesabu mitungi. Na bomba lolote litakalopita katika ardhi ya Ganze lisipite bila kuacha mfereji.

Kwako msomaji mwenye gari: ukiona mbele yako kijana anasukuma baiskeli iliyojaa mitungi, punguza mwendo, usimpigie honi, mpishe. Na wewe mwenye baiskeli, ukienda Ganze, nenda na maji yako mwenyewe, shuka ukimkuta mzee, na usiende na keria tupu.